Kofia ya Jicho

11 Juni 1905, Masasi

Daftari hili nimepewa na mwenye duka mmoja wa Lindi, shukrani ya kumtengenezea saa yake, nayo ikadumu siku tatu. Lina tarehe za Kizungu zilizopigwa chapa, na kila siku imepewa mistari minane, kana kwamba siku zote za mtu ni sawa.

Mimi ni Fakihi bin Mahmudu, Myao, fundi wa shaba, umri miaka arobaini na minane, tumbo limenitangulia kidogo. Kazi yangu ya kale ni sufuria, pete na makufuli. Kazi yangu mpya ni miwani, nayo ndiyo nitakayoiandika humu mpaka mvua zije, ili nikishindwa pawe na ushahidi.

Kusaga vioo nilijifunza ujanani kwa fundi mmoja wa Kihindi kule Lindi. Tangu hapo nimetengeneza jozi tisa tu, zote kwa kubahatisha: nasaga, mwenyewe anajaribu, anasema bado, narudi kusaga. Jozi moja, siku kumi na mbili. Sasa nataka kutengeneza kwa mkupuo. Nimeyeyusha shaba nikasubu sahani tatu, kila moja na bonde lake: la kwanza jepesi, la pili la wastani, la tatu lenye kina. Kioo kikisagwa ndani ya bonde lazima kitoke na umbo la bonde hilo, na kila kitakachofuata kitakuwa sawa na ndugu yake. Mtu aje, ajaribu namba moja, mbili, tatu kwa kutunga uzi kwenye sindano, achukue inayomfaa, aende zake.

Nilimweleza mke wangu Mwanakombo haya yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Baba Stamili, jozi ya kwanza ni ya nani?"

"Ya kwanza ni ya kujaribia."

"Na ya pili?"

Hapo nikakohoa.

14 Juni

Leo nimetafuna jiwe kwenye ubwabwa. Mwaka jana lilikuwa jiwe moja kwa mwezi, mwaka huu ni moja kwa kila sahani. Mwanakombo kanisikia likivunjika, akasema anayaacha makusudi ili meno yangu yasizembee. Tukacheka. Lakini nilimwona jana akipepeta, uso ameuzika ndani ya ungo, vidole vikitafuta kile ambacho macho yameshindwa kukiona.

Kofia yangu ya Idd aliianza kuitarizi tangu mfungo uliopita. Nusu imejaa maua, nusu ni kitambaa kitupu. Imekaa hivyo miezi mitatu. Mimi siulizi, yeye hasemi.

19 Juni

Nimempata msaidizi: Marko, Mmakua wa Chiwata, mtu wa misheni, mikono kama michi. Mkewe ni Dominika. Siku ya kwanza tu keshaanza utani.

"Fundi, Myao akiona vizuri atafanya nini? Si atazidi tu kutudanganya?"

"Na Mmakua akiona vizuri," nikamjibu, "atagundua kwamba yule aliyekuwa akimla siku zote si panya."

Tunaelewana vizuri.

27 Juni

Vioo tunavipata kwa wapagazi. Njia ya Nanganga inavunja vioo vya kujitazamia kuliko ugomvi wa wake wenza. Tunakwangua rangi ya nyuma, tunakata viduara, tunavigandisha kwa nta kwenye mpini, tunasugua ndani ya bonde kwa mchanga wa mto Lukuledi uliochekechwa mara tatu. Mwisho Marko anang'arisha kwa unga wa kutu na kitambaa. Mimi nasaga, yeye anang'arisha. Mkono wake hauna mfano.

3 Julai

Vioo sita vimepasuka. Marko alivitia maji baridi vikiwa bado na joto la nta. Anasema vilikuwa vimechoka.

16 Julai

Mzee Halfani, mwalimu wetu wa chuo, amechukua jozi ya kwanza. Alipoteremka ngazi ya msikiti alinyanyua mguu kama anayeingia kisimani, akakaa chini. Nikaletewa habari, nikakimbia.

"Fakihi," akasema, bado amekaa, "umenipa macho ya watu wawili, na hawajapatana."

Kweli. Kulia namba mbili, kushoto kama namba tatu, ingawa vyote vimetoka kwenye sahani moja.

20 Julai

Nimejua sababu. Mchanga hauli kioo peke yake, unaila na sahani. Bonde la namba mbili limezidi kina bila sisi kutambua. Nimekata kipande cha shaba chenye ukingo sawasawa na bonde la asili, nacho hakisagi kitu: kazi yake ni kukaa na kukumbuka. Kila jioni sahani itapimwa kwacho. Marko amekiita Mama Mkwe, maana hafanyi kazi na anakosoa kila kitu.

2 Agosti

Siku hii naomba mistari ya siku nyingine.

Jozi saba zimetoka, zote sawa. Sita nimezigawa kwa waliotangulia kuagiza. Ya saba, namba mbili, Marko aliing'arisha siku sita mpaka nikamkemea. Sijaona vioo kama vile, hata kwa yule Mhindi. Fremu nimeikunja mwenyewe kwa waya wa shaba. Nikaingia nayo ndani nimeificha kwenye kanzu kama mwizi wa yai.

Mwanakombo alikuwa amekaa na ungo. Nikamvalisha kwa nyuma. Akatazama ungo, akaokota jiwe moja, la pili, la tatu, akayaweka kwenye kiganja changu moja moja. Kisha akageuka kunitazama mimi.

"Ee! Kumbe umezeeka hivi?"

"Ndiyo ahsante yenyewe?"

"Mbona hukuniambia? Nimekuwa nikilala na babu." Kisha akagusa uso wake. "Na mimi? Nipe kile kipande cha kioo." Akajitazama sana. "Basi tumekwenda pamoja," akasema.

Jioni akaitoa kofia yangu chini ya kitanda.

5 Agosti

Binti yetu Stamili ameteremka kutoka Newala na mjukuu wetu Sophia, miaka minne. Mumewe, Mrisho, amepeleka nta Lindi. Nyumba ina kelele nzuri.

Mwanakombo anashona uani. Kasema miwani ni njema ila jua linapiga juu ya kioo na kummulika machoni. "Niwekee kitu kama ukingo hapo juu. Kofia. Kichwa kinavaa kofia, jicho lisivae?"

Nikamwambia ametoka upofuni juzi, leo anadai urembo. Lakini wazo si baya. Kijipande cha ngozi nyeusi, kikunjwe, kishonwe kwenye waya. Kesho.

9 Agosti

Maagizo kumi na moja, mengine kutoka Chidya. Mama Stamili kauliza kofia ya jicho. Kesho.

15 Agosti

Mpagazi kutoka Liwale anasema kule watu wamekunywa maji ya dawa na wameng'oa pamba ya serikali. Risasi, eti, zinageuka maji. Marko akauliza, "Na ikisahau kugeuka?" Mpagazi hakucheka.

Kofia ya jicho: ngozi ninayo, uzi sina. Kesho.

22 Agosti

Wanaume wamepita njia kuu wamejifunga mabua ya mtama kichwani. Wawili nawajua, mmoja ana kufuli langu mlangoni kwake. Nilimsalimia, akanitazama kama ninamchelewesha.

Misheni wanafunga mizigo. Marko anang'arisha bila utani. Nikamwuliza nyinyi mtakwenda wapi. "Kwa shangazi, Chidya. Lakini kwanza nimalize hivi vinne." Hakuvimaliza.

Mama Stamili kashona nje kutwa, mkono mmoja juu ya paji la uso, sindano kwenye mkono mwingine. Kesho bila kosa.

27 Agosti

Tunaondoka. Sahani nimezifukia chini ya tanuri pamoja na Mama Mkwe. Mwanakombo amebeba unga, chungu, miwani na kofia yangu. Nikamwambia kofia si chakula. Akasema hata mimi si chakula, na ananibeba.

Tunapanda kuelekea Newala.

29 Agosti, juu ya Chiwata

Tulipofika ukingoni tuliona moshi upande wa misheni, na mwingine upande wa kwetu. Njia ya Newala imejaa watu wa vita, haipitiki. Tumeingia kichakani hapa kwenye ukingo wa nyanda za juu. Wamakonde wanasema kichaka chao ni nyumba isiyo na mlango, na ni kweli: adhuhuri humu ni kama magharibi. Hatuonekani. Maji yako chini bondeni, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi.

3 Septemba

Tunakula ming'oko, vile viazi vya porini. Stamili anajua pa kuichimba. Mimi nachimba mashimo, ming'oko anaipata yeye.

8 Septemba

Askari wa serikali wamefika bondeni. Tunawaona wadogo kama siafu. Wanachoma vijiji na ghala. Asubuhi na jioni kitu kinametameta huko chini, na kwenye kilima cha mbali kingine kinajibu. Nikamweleza Mwanakombo: wana vioo, wanasemezana kwa jua. Nilieleza kwa ufahari kidogo, fundi ni fundi. Akasema, "Wana akili yote hiyo, na wanachosemezana ni nani achomwe."

13 Septemba

Unga umekwisha. Hakuna aliyetuona.

17 Septemba

Sophia hawezi kutembea. Funza, kidole kikubwa na vingine viwili, mguu umevimba. Ikibidi tuhame nitambeba, lakini mgongo wangu nao umeanza kusema maneno ya kizee.

21 Septemba

Mwanakombo amefariki juzi alasiri.

23 Septemba

Nitaandika ilivyokuwa, mara moja, nisirudie.

Alisema, "Humu gizani nitamtoboa mtoto mguu mzima. Nipelekeni kwenye mwanga." Kuna jiwe bapa ukingoni kabisa, limekaa kuelekea jua linakotua, na majani mbele yake. Mimi ndiye niliyemshika mkono kumpeleka. Mimi ndiye niliyepunguza majani mawili matatu, apate kuona.

Akavaa miwani. Nilimshika Sophia, na Mwanakombo akatoa funza mmoja mmoja kwa sindano, mkono haukutetemeka, akimwimbia mtoto kwamba bibi anachuma kunde. Alitoa saba, na mtoto hakulia ila mara moja. Nilikuwa nikimtazama nikasema moyoni, angalia kazi yako, Fakihi. Naliandika hilo pia. Nilijivuna.

Alipomaliza, akamfunga mtoto kitambaa. Nikamwambia turudi. Akasema, "Tangulia naye. Mwanga mzuri huu, nitamaliza duara moja tu." Akaitoa kofia kwenye pindo la kanga.

Nilimbeba mtoto. Niligeuka mara moja. Alikuwa anashona kama anavyoshona siku zote: sindano ikiingia anainama, uzi ukitoka anainuka. Anainama, anainuka.

Sikufika hata kwa Stamili. Risasi zililia kama mvua ya mawe juu ya bati, kutoka chini, nyingi kwa pamoja, zikakatika, zikaja tena. Kisha kimya. Nilitambaa.

Hakuna haja ya kuandika nilichokikuta. Kioo cha kushoto kilivunjika. Cha kulia hakina hata mkwaruzo.

Tulimkafini kwa kanzu yangu. Tulimswalia mimi na Stamili, na Sophia amekaa kando anashika mguu wake. Kaburi nilichimba kwa fimbo ya ming'oko.

Siku ishirini na mbili hatukuonekana. Sijui walituonaje.

30 Septemba

Kimya.

9 Oktoba

Sophia anatembea. Leo amekimbia.

20 Oktoba, Masasi

Tumeteremka. Jumbe wa serikali alipita akipiga mbiu kwamba asiye na silaha arudi kwake. Nyumba yetu ina kuta tatu. Karakana imepekuliwa, vioo vyote vimesagwa chini kwa visigino, tena vizuri kuliko nilivyovisaga mimi. Sahani ziko pale pale chini ya tanuri. Nilipima namba mbili kwa Mama Mkwe. Iko sawa. Nikacheka peke yangu, halafu ikawa si kucheka.

Ghala za watu ni majivu. Mzee Halfani hajulikani alipo.

31 Oktoba

Ramadhani imeingia. Stamili anasema mwaka huu hatuna haja ya kuambiwa tufunge.

12 Novemba

Marko amerudi.

Nilisikia sauti nje, "Hodi! Shikamoo, Fundi." Nikamjibu marahaba kabla sijaamini. Amekonda, michi imekuwa mipini. Alikuwa amekwisha sikia kwa watu kwamba Mama Stamili hayupo. Aliingia, akakaa chini, akalia kama mtoto, mimi nikawa ndiye wa kumpigapiga mgongo. Alimpenda. Mwanakombo ndiye aliyekuwa akimwekea ukoko wa wali.

Akauliza, "Alifia wapi?"

"Njiani."

"Homa?"

"Vita."

Hakuuliza zaidi. Tukakaa kwenye kivuli cha ule ukuta mrefu, akanieleza yake. Walikamatwa na askari wa serikali njiani kwenda Chidya, wanaume wote wakatiwa mizigo ya kikosi. Dominika aliachwa, yu mzima, amefika kwa shangazi. Yeye alibeba sanduku la risasi majuma matano. Alieleza mengi mabaya. Kisha, kwa sababu ni Marko, akatafuta la kunichekesha.

"Lakini Fundi, hata kule juu nako kuna mafundi! Siku moja, alasiri, tuko chini ya Chiwata, tumetua mizigo. Tukaona mwanga ukingoni juu. Kitu kinameta. Mzungu akachukua darubini yake, akatazama, majani tu. Kinameta, kinazima, kinameta, kinazima, tena kwa mpango, kama mtu anayesema. Hivi." Akainua kiganja chake juani, akakiinamisha, akakiinua. Akakiinamisha, akakiinua. "Mzungu akasema, wana kioo cha ishara, wanaitana. Akawapanga askari. Mimi nikacheka moyoni, nikasema, lo, laiti Fundi wangu angekuwepo aone. Wapiganaji wa maji na kioo safi namna ile! Nani kawang'arishia?"

Kiganja chake kilikuwa bado kinakwenda. Kinainama, kinainuka.

Niliutazama ule mkono. Ndio mkono uliong'arisha siku sita.

Alikuwa ananitazama, anangoja nicheke.

"Kioo," nikasema. "Kweli. Walikuwa na kioo."

"Si nilikuambia?"

"Safi kabisa," nikasema.

Nikainuka, nikamwambia nakwenda kutawadha.

13 Novemba

Nimekaa na jambo hili kutwa. Nikimwambia Marko, tutakuwa wawili wa kulibeba, lakini uzito hautapungua upande wangu, utaongezeka tu upande wake. Mimi mzigo huu unanistahili. Yeye alifanya kazi aliyopewa, akaifanya vizuri. Mimi ndiye niliyeombwa jambo nikasema kesho.

Nimefungua nyuma humu ndani. Tarehe 5 Agosti. Tarehe 9. Tarehe 15. Tarehe 22. Kesho nne, kwa mwandiko wangu mwenyewe, mwandiko mzuri, sikuwa hata na haraka. Tarehe 15 nimeandika sina uzi. Uzi! Mke wangu alikuwa na uzi mkononi.

14 Novemba

Stamili ameniuliza kwa nini siongei na Marko. Nikamwambia naongea. Akasema, "Baba, unamjibu kama unamjibu mgeni." Kesho nitaongea naye. Nimeliandika neno hilo tena. Nimeinuka sasa hivi, nimekwenda alipo, nimemwuliza kama anataka kurudi kazini. Akasema, "Kazi gani, Fundi, na watu wanakula mizizi?" Nikasema sijui, aje tu.

29 Novemba

Idd. Stamili amenitolea kofia. Nusu na robo imetarizwa. Pale ilipoishia kuna duara moja ambalo halijafunga, na sindano ilikuwa bado imechomekwa. Doa limefuliwa, halikutoka lote.

Nimeivaa hivyo hivyo kwenda kuswali. Hakuna aliyenicheka. Wengi hawakuwa na kofia.

4 Desemba

Mawingu. Joto la mvua.

Amekuja Mama Ambrosi wa Chiwata, mjane, mtu wa misheni, amebeba kibuyu. Ndani mna mtama na ulezi, mbegu alizozifukia chini ya mafiga kabla ya kukimbia. Ndizo mbegu pekee zilizobaki kwa nyumba sita za kwao. Zimeingiwa na wadudu, nzima zimechanganyika na zilizotobolewa.

"Baba Stamili, mvua ni leo au kesho kutwa. Nikipanda zote, tutapanda maganda, na shamba halina subira ya kupandwa mara mbili. Lazima nizichague moja moja, na haya macho yangu yanaona ukungu. Wanasema wewe unatengeneza macho."

"Nilikuwa nikitengeneza, mama. Sasa sitengenezi."

"Kwa nini?"

Nikasema vioo vimekwisha. Akatikisa kichwa, akakifunga kibuyu chake taratibu. Akasema basi atazichagua kwa vidole.

Kwa vidole. Kama Mwanakombo kwenye ungo.

Nikamwambia arudi baada ya siku tatu.

5 Desemba

Karakana nzima nimepata kioo kimoja, namba mbili, kimesagwa bado kung'arishwa, kimeganda kwenye mpini wake nyuma ya tanuri. Ni kimojawapo cha vile vinne ambavyo Marko hakuvimaliza. Nimempa. Anasugua.

Kingine ninacho. Nimekuwa nacho mfukoni, nimekifunga kwenye kitambaa, tangu siku ile.

Nimeipima sahani kwa Mama Mkwe, kisha nikaviweka vyote viwili ndani yake. Sawa kabisa. Ndivyo nilivyotaka tangu mwanzo: kila kioo kiwe sawa na ndugu yake, kimoja kikipotea kingine kikae mahali pake. Nilifanikiwa. Kioo kinakaa mahali pa kingine bila tofauti yoyote.

Marko aliona cha pili, akauliza nimekitoa wapi. Nikasema kilibaki.

7 Desemba

Fremu nimekunja asubuhi. Baada ya adhuhuri nimeshika kofia ya jicho. Ngozi nyeusi ya mbuzi, upana wa vidole viwili, nikailainisha kwa mafuta, nikaikunja ukingo, nikaishona kwenye waya. Uzi nimetoa kwenye ile sindano yake.

Alasiri haijaadhiniwa, nimemaliza. Ningesema ni muda wa kuchemsha maharage, lakini hata maharage huchukua zaidi. Nusu saa.

Nusu saa.

8 Desemba

Mama Ambrosi amekuja. Nikamvalisha. Akamimina mbegu kwenye ungo, akaokota moja, akaigeuza, akaitupa. Nyingine akaiweka. Kisha akagusa ngozi juu ya kioo.

"Na hii kofia ya nini?"

"Ya jua, mama."

"Nani kaibuni? Nzuri."

"Mke wangu."

"Mwambie ahsante."

Marko akanitazama. Nikasema, "Zimefika."

Jua la alasiri lilikuwa limeanza kuteremka, kali, la kabla ya mvua. Nikamwomba Mama Ambrosi aende kukaa pale juu, kwenye kile kilima cha udongo nyuma ya nyumba, auelekeze uso wake magharibi, aendelee kuchagua. Akaniona mwehu, lakini akaenda. Mwenye haja hana ubishi.

Mimi nikatembea. Nikaipita karakana, nikaipita njia kuu, nikashuka bondeni mpaka kwenye mkondo mkavu. Marko akaniita kwa nyuma, "Fundi, unakwenda wapi na hiyo nusu kofia kichwani?" Nilihesabu hatua mia sita. Ndipo nikageuka.

Alikuwa anachagua mbegu. Akiokota anainama, akiitazama anainuka. Jua lilikuwa limempiga usoni kabisa. Anainama, anainuka.

Nilikaza macho yangu haya ya kizee mpaka yakatoa machozi. Nilingoja ainame mara hamsini, maana fundi akijaribu mara moja hajajaribu.

Hakuna kilichometa. Nilimwona mwanamke tu, amekaa juu ya kilima, na ungo mapajani.

Tone la kwanza la mvua likaniangukia begani. Sikuondoka. Nilisimama pale pale, mahali kama pale walipokuwa askari, nikamtazama asivyoonekana.